Tiketi ya Maman Cibalonza na Saa ya Kinshasa

Wenzangu vijana wa biro ya usafiri, siku ya kuniaga mliniomba hotuba. Nilisimama, nikakohoa, nikasahau nusu yake, na nusu niliyoikumbuka ikawa ni shukrani tupu. Sasa niko nyumbani, hakuna anayenihitaji kabla ya saa nne, na nimeona afadhali niwaandikie kile mlichotaka kweli kusikia: kazi hii tuliifanyaje. Vyeo nitaviruka, maana vilikuja kama mabasi yetu, vimechelewa na vimejaa watu wengine. Mishahara nayo nitairuka, kwa heshima ya marehemu.

Nilianza miaka ya Zaïre, tulipokuwa tukiitana "citoyen", yaani raia, na shingo zetu hazina tai. Nilitoka chuo kikuu Lubumbashi na shahada ya Kilatini. Tawi la Bukavu la kampuni ya mabasi ya taifa, kampuni iliyokufa zamani, lilikuwa likitafuta mtu wa kusoma barua za malalamiko na kuzijibu kwa Kifaransa kinachomtuliza mtu bila kumpa kitu. Waliona neno Kilatini kwenye karatasi zangu wakadhani ni aina ya sheria. Sikuwasahihisha.

Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa mtaa wa Nyawera, ghorofani, na madirisha mawili: moja liliangalia barabara, jingine liliangalia ukuta. Meza yangu ilikuwa ya ukuta. Ile ya barabara ilikuwa ya mkubwa wangu, Muzee Cishugi, aliyeikalia tangu wakati wa Wabelgiji na ambaye aliweza kutambua dereva kwa mlio wa breki. Siku ya kwanza alinikabidhi vifaa: daftari kubwa la malalamiko, muhuri wa duara, kichupa cha wino wa zambarau, sindano na kibonge cha uzi. Sindano ilinishangaza. Kumbe pini za kubania karatasi zilikuwa zimekwisha zamani, na mafaili ya kampuni yalishonwa kwa mkono kama mito. Hadi leo naweza kushona faili la kurasa arobaini nikiwa nazungumza na mtu, na uzi usikatike.

"Barua ikifika, uisome mara mbili," aliniambia. "Ya kwanza, utajua mutu anasema nini. Ya pili, utajua anataka nini. Kisha umungojee aje yeye mwenyewe, juu ile kitu ya kweli hakuiandika."

Kisha akanieleza tiketi. Zilitoka kwenye mashine ya chuma iliyofungwa kwa bolti ndani ya kibanda, karibu na soko la Kadutu. Ilikuwa ya kijani, nzito, na mkono wa kuzungusha kama kinu cha kahawa. Mkatisha tiketi aliuzungusha mara moja, mashine ikanguruma, ikatema kikaratasi chenye namba na saa. Kuanzia saa ile tiketi ilikuwa na uhai wa dakika sitini. Zikipita, na kontrola, mkaguzi wetu, akakukuta bado uko ndani ya basi, anakuandikia pévé, ile karatasi ya kosa, na anaondoka na kitambulisho chako mpaka ulipe faini. Ukilipa, unasaini chini ya neno "fraude", yaani udanganyifu, na nakala inapelekwa zone, ofisi ya serikali ya mtaa, ile mnayoiita leo komini. Nilisema nimeelewa. Wakati ule nilikuwa bado nikielewa mambo haraka sana.

Wiki yangu ya tatu, siku ya Alhamisi, aliingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwavuli unachuruzika mkono mmoja, bahasha mkono mwingine. Jina lake Maman Cibalonza, mpiga chapa kwa masista wa Muhumba. Aliishi Kadutu na kila asubuhi alishuka kwa basi kwenda kazini.

"Papa, njo weye wa malalamiko?"

"Njo miye, maman. Ukae."

"Sikae. Nikikaa tutaongea mingi. Uone tu hii."

Alitoa tiketi na pévé, akazipanga mezani pangu kwa unyoofu, kama mtu anayeweka karatasi kwenye mashine ya chapa. Tiketi ilisema 06.40. Pévé ilisema amekamatwa Muhumba saa 08.00. Nilihesabu: dakika themanini.

"Maman, hapa karatasi inasema ulipanda saa kumi na mbili na dakika makumi ine. Bakakukamata saa mbili. Tiketi ilikuwa imeshakufa."

"Saa kumi na mbili na makumi ine nilikuwa mu misa ku Kadutu, ninaimba. Sista wa kwaya aliniona. Padri aliniona. Mungu pia aliniona, lakini huyo sizani atakuja kusaini mu daftari yako. Nilipanda saa moja na makumi ine."

"Sasa mashini inasema vingine."

"Miye njo nakuambia."

Nilifanya kile ambacho kijana mwenye shahada hufanya akikosa la kusema: nilishusha sauti. "Maman, ni faini kidogo. Ulipe, uchukue kitambulisho, ukalale."

"Nikilipa, ninasaini nini?"

"Fraude."

"Basi silipe."

Ndipo akakaa, na ndipo nikajua kile ambacho barua isingesema. Jumatatu iliyofuata alikuwa aanze kazi Lwiro, kwenye maktaba ya kituo cha utafiti, kupiga chapa kadi za vitabu. Nafasi hiyo aliingojea miaka miwili, na nyuma yake kulikuwa na wengine watatu wanaoingojea bado. Walimtaka aje na vitu viwili: kitambulisho, na cheti cha mwenendo mwema kutoka zone yake ya Kadutu. Bila kitambulisho, zone haimwandikii cheti. Akilipa faini arudishiwe kitambulisho, zone inapata nakala yenye neno "fraude", na cheti hakipo tena.

"Leo jeudi," alisema. "Zone inafunga samedi saa sita. Unihesabie weye, uko na masomo."

Nilimwambia arudi Jumamosi asubuhi. Sikuwa na mpango wowote.

Nilipanda kwa miguu hadi Kadutu, nikafika kibandani jasho linanitoka, nikanunua tiketi. Saa yangu ya mkononi ilisema saa nne na robo. Tiketi ilisema 09.15, yaani saa tatu na robo. Nilihesabu kwa vidole, maana saa za Kiswahili na tarakimu za Kifaransa zilikuwa bado zinagombana kichwani mwangu. Nikanunua ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa nyuma saa nzima.

"Citoyen," mkatisha tiketi akaniuliza, "na tiketi tatu unaenda wapi?"

"Siende fasi yoyote."

"Basi ukae mbele, utaona muzuri."

Nilishuka Nyawera karibu nikimbie. "Muzee, nimepata. Mashini iko mubovu. Iko nyuma saa nzima."

Muzee Cishugi hakuinua macho. Alikuwa anashona. "Haiko mubovu," alisema.

Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akafungua droo na kunipa waraka kutoka makao makuu, Kinshasa. Ulisema kwamba mashine zote za kampuni, kutoka mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine, zifuate saa ya Kinshasa, ili madaftari ya miji yote yaweze kulinganishwa. Ulikuwa na saini tatu na mihuri miwili.

"Lakini Kinshasa iko nyuma yetu saa nzima," nilisema. "Jua inatoka huku mbele."

"Jua haikupata kopi."

"Sasa munafanyaka aje?"

"Kontrola anasoma tiketi, anaongeza saa moja mu kichwa, anaangalia montre yake ya mukono, anapita. Ni miaka mbili sasa. Kila mutu anajua."

"Miye sikujua."

"Weye hauko kontrola."

Nilisoma tena ile pévé. Chini kulikuwa na saini ya Ebale, kontrola mpya aliyehamishiwa kwetu kutoka Kinshasa majuma matatu kabla, karibu siku moja na mimi. "Na Ebale," nikauliza, "nani alimuambia aongeze?"

Muzee Cishugi alivua miwani. Siku ya kwanza ya kazi, Ebale alifika amechelewa saa nzima kwa sababu saa yake ya mkononi ilikuwa bado ya Kinshasa. Muzee alimkaripia mbele ya madereva na kumwamuru aipeleke mbele. Ebale akaipeleka mbele pale pale, kwa adabu.

"Nilimuambia ya montre," Muzee alisema polepole. "Ya mashini, sikumuambia."

Hapo nikahesabu tena. Saa ya Ebale ilikuwa ya Bukavu, tiketi zilikuwa za Kinshasa, na kwa hiyo machoni pake kila tiketi ilikuwa imekufa tangu inazaliwa. Nilivuta daftari la faini. Kabla yake zilikuwa mbili au tatu kwa mwezi. Katika majuma yake matatu zilikuwa thelathini na moja, bila kumhesabu Maman Cibalonza, na wote thelathini na mmoja walikuwa wamelipa na kusaini.

"Mbona hakuna mwenye alilalamika?"

"Balizani ni kitu mupya," alisema Muzee.

Ninyi hamkuishi miaka ile, kwa hiyo niwaeleze. Mambo mapya yalikuja kwa redio: majina mapya, nguo mpya, jina jipya la nchi, jipya la mto. Watu walizoea kutii kwanza na kuuliza baadaye, nyumbani, mlango umefungwa. Kama serikali imeamua kwamba safari ya Kadutu hadi Muhumba sasa ni kosa, basi ni kosa. Na makao makuu yalikuwa yameshamwandikia Ebale barua ya pongezi kwa bidii yake.

Sasa angalieni fundo lenyewe. Tukiandika kwamba mashine ni mbovu, fundi aliyeipanga kama alivyoamriwa ataulizwa anaihujumu nchi kwa faida ya nani. Tukiandika kwamba waraka ndio mbovu, Muzee na mimi ndio tutaulizwa, pamoja na swali la pili: kwa ruhusa gani mji wa Bukavu umekuwa ukiongeza saa moja kichwani kwa miaka miwili. Tukiandika kwamba Ebale amekosa, ni kosa gani? Alisoma saa iliyo sahihi na tiketi iliyo sahihi, akatoa moja kwenye nyingine.

Ijumaa asubuhi nilimkabidhi Muzee Cishugi maelezo ya kurasa nane. Yalianza na wakati kwa ujumla, yakapitia Warumi, na kufika Kadutu kwenye ukurasa wa saba. Alisoma ukurasa wa kwanza hadi mwisho.

"Ku Kinshasa banasoma Kilatini?"

"Hapana, muzee."

"Hata miye." Aliyakunja mara nne, akayaweka chini ya mguu wa meza yake uliokuwa mfupi. Meza ikatulia. Ni andiko langu la kwanza kuwa na faida.

Kisha akatoa kijitabu cha kanuni, akalowesha kidole, akanionyesha mstari. Saa inayoandikwa kwenye pévé, ulisema, iwe saa ya kampuni.

"Saa ya kampuni njo gani?" akaniuliza.

"Ya Kinshasa. Waraka njo inasema."

"Ebale aliandika ya wapi?"

"Ya hapa."

"Basi aliandika saa yenye kampuni haijue. Kwa saa ya kampuni alimukamata huyu maman saa moja. Kutoka saa kumi na mbili na makumi ine mpaka saa moja ni dakika ngapi?"

"Makumi mbili."

"Tiketi iko muzima," alisema, akarudi kwenye sindano yake.

Nilikaa. Mashine ilikuwa sahihi, waraka ulikuwa sahihi, Maman Cibalonza alikuwa sahihi, na kosa pekee katika shauri zima lilikuwa kwamba kontrola, akiwa Bukavu, aliangalia saa ya Bukavu.

Tulimwita Ebale. Alikuwa mrefu, mpole, kofia chini ya kwapa. Muzee alimweleza. Ebale alisikiliza mpaka mwisho, na nikaona uso wake unafanya safari ile ile uliyofanya wangu.

"Te, te, muzee," alikataa kwa Kilingala. "Siku ya kwanza ulinitukana juu montre iko nyuma. Nikaitia mbele. Leo unanitukana juu iko mbele."

"Sikutukane. Unasaini tu hapa, ni correction."

"Na kesho nifwate gani?"

"Kukuja ku kazi, ufwate ya Bukavu. Ukifika, uandike na ya Kinshasa."

"Na kurudia ku nyumba?"

Muzee Cishugi alifikiri. "Ya Bukavu."

Ebale alisaini. Akiwa mlangoni aliuliza kama sasa arudishe barua ya pongezi. Muzee akapekua kijitabu chake. Hakuna kanuni iliyosema lolote juu ya hilo, akabaki nayo.

Jumamosi Maman Cibalonza alifika mapema, amevaa kitenge cha kwenda mjini. Kila kitu kilikuwa tayari mezani: marekebisho ya Ebale, muhuri, na tamko fupi nililokuwa nimemwandikia asaini. Lilisema: nilipanda basi saa 06.40, nikakaguliwa saa 07.00. Nilimpa kalamu nikijiona mkombozi wa watu.

Alisoma. Akaweka kalamu chini.

"Hii inasema nilipanda saa kumi na mbili na makumi ine."

"Njo vile, maman."

"Nilikuambia nilikuwa mu misa."

"Ni saa ya Kinshasa."

"Siko Kinshasa."

Muzee Cishugi aliinuka kutoka meza ya barabara, jambo ambalo sikuwa nimeliona bado. "Maman, usaini tu. Kitambulisho iko hapa, unaenda zone, lundi uko Lwiro. Nani atauliza?"

"Muzee, mulinikamata juu ya uongo yenye sikusema," alisema bila kupandisha sauti. "Sasa munataka niiseme, njo munifungulie."

Ilikuwa imeshapita saa tano. Niliomba tuongeze tu maneno "saa ya Kinshasa". Muzee akakataa: makao makuu yangeuliza ni saa gani nyingine ipo nchini. Nikapendekeza tuandike "karibu saa 06.40". Maman Cibalonza alinitazama kama mtu anavyomtazama mtoto wa jirani aliyevaa viatu kinyume. Ebale alisimama pembeni na kitambulisho mfukoni, akitazama saa yake, kisha akakumbuka na kuacha kuitazama.

Kwenye kabati kulikuwa na mashine ya chapa. Aliiona kabla yetu.

"Ile inaandika?"

"Herufi ya e inaruka," alisema Muzee.

"Nimezoea."

Aliiweka kwenye meza yangu, akasogeza daftari langu kwa kiwiko, akaingiza karatasi na kaboni. Sikuwahi kuona vidole vya namna ile. Hakutazama herufi hata mara moja; alitazama ukuta wangu. Muda wa mtu kumaliza chai haukufika akaitoa karatasi. Ilikuwa Kifaransa safi cha sentensi mbili: "Nilipanda basi wakati mashine ya kampuni ilipoonyesha 06.40. Nilikaguliwa wakati mashine hiyo hiyo ilipokuwa ikionyesha 07.00." E zote zilikuwepo. Alikuwa ameipiga kila moja mara mbili.

Muzee Cishugi alisoma mara tatu, midomo ikitembea. Alitafuta Kinshasa, haikuwepo. Alitafuta Bukavu, nayo haikuwepo.

"Hii ni kweli?" alimwuliza.

"Ni kweli."

"Kinshasa bakisoma, bataona saa yabo."

"Bataona saa yabo."

"Maman, miaka yote hii ulikuwa wapi?" alisema Muzee, akamsogezea kalamu.

Alisaini. Ebale akasaini. Nikagonga muhuri, ukatoka umepinda kidogo. Ebale alitoa kitambulisho mfukoni kwa mikono miwili. Alikuwa amekifunga kwa karatasi safi kisichafuke. Maman Cibalonza alikikagua mbele na nyuma, akakitia ndani ya mkoba na kuufunga.

"Na bale bengine?" aliuliza.

"Bengine gani?"

"Benye balilipa. Batu ba Kadutu banaongea, muzee."

"Habakuandika barua," alisema Muzee.

Maman Cibalonza alinitazama mimi. Nilitazama ukuta. Juma lililofuata nilianza kuwaandikia wale thelathini na mmoja, mmoja mmoja, na nilifika wa nne. Muzee aliniambia kila barua ingehitaji saini ya Kinshasa, na kila saini ingeleta swali. Nikazishona zote nne pamoja, vizuri sana, nikazitia kwenye droo. Mkiniuliza ni shauri gani lilinishinda katika miaka yangu yote, ni lile, na halikuwa gumu.

Siku ile lakini Maman Cibalonza alikuwa na haraka. Alichukua mwavuli wake, akageukia mlangoni.

"Lundi," alisema, "basi yenu ya njia ya Katana, ya kwenda Lwiro, inatoka saa ngapi?"

Muzee Cishugi aliniangalia. Nilimwangalia Ebale. Ebale aliangalia mkono wake wenye saa, akaufunika kwa kofia.

"Asubui," Ebale akasema.

"Na kontrola wa siku ile njo nani?"

"Miye, maman."

"Basi nitapanda kamioni."

Cheti alikipata, dakika chache kabla zone haijafungwa. Na Jumatatu, masista walinisimulia, alifika Lwiro juu ya magunia ya mihogo, akakaa kwenye ngazi ya maktaba na mkoba wake magotini, akamngojea mwenye ufunguo.